Mashine Kuukuu ya Kukereza: Kilicholegea na Kilicholika



Kila mwaka malipo ya pili ya majani chai yakishaingia, yale tunayoyaita bonasi, vikundi vingi vya Kericho na Bomet hukaa chini kupanga. Wengine hununua ng'ombe wa maziwa, wengine hema na viti vya kukodisha. Siku hizi tunawasikia vijana wakisema: sisi tununue mashine ya kukereza chuma. Wazo hilo si baya hata kidogo. Shafti ya mashine ya posho ikivunjika huko Mogogosiek, mwenyewe huifunga kwenye gunia, akapanda gari mpaka mjini Kericho au hata Nakuru, na watu wake wakakaa siku mbili tatu bila unga. Bushi za mashine ya kukata majani ya ng'ombe, ekseli ya mkokoteni, puli ya pampu ya maji, hizo zote ni kazi za mashine ya kukereza.

Shida ni kwamba mashine mpya ni ghali, kwa hiyo vikundi hununua kuukuu. Hapo ndipo pesa za watu thelathini huokoka au hupotea kwa siku moja. Tumeona mashine iliyosemwa imekufa ikifufuka kwa wiki moja ya kusafisha na kukaza. Tumeona pia mashine iliyopakwa rangi ya kupendeza ambayo haikuweza kukereza shafti iliyonyooka, na haitaweza kamwe. Somo hili ni la kuwasaidia kuzitambua hizo mbili.

Mashine hizi si ngeni kwetu. Tangu makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalipoanza mashamba makubwa ya chai Kericho katika miaka ya 1920, kiwanda cha chai kimehitaji karakana. Baada ya KTDA kuundwa mwaka 1964 vikaja viwanda vya wakulima wadogo, kama vile Litein, Kapkatet, Momul, Tegat na Kapkoros. Rola za CTC zinazokata na kusokota majani huisha makali, na meno yake lazima yachongwe upya, kazi ambayo ni ndugu wa karibu wa kukereza. Kwa hiyo katika vijiji vyetu wako wazee waliostaafu ambao walisimama mbele ya mashine hizi miaka 20 au 30. Mtafuteni mzee wa namna hiyo kabla ya kutoa hata shilingi moja. Mlipieni nauli, mnywe naye chai, muende naye kuiona mashine. Masikio yake yatawasaidia kuliko karatasi zote za muuzaji.

MAJINA YA VIUNGO

Tukubaliane majina kwanza, maana kila fundi ana yake. Mashine ina kitanda kirefu cha chuma cha kusubu, na juu ya kitanda kuna reli zilizonyooka. Upande wa kushoto ni kichwa. Ndani ya kichwa huzunguka shafti kuu, na mbele ya shafti hiyo kuna chaku, yaani kile kifaa cha taya tatu au nne kinachobana chuma. Upande wa kulia ni mkia, unaoshikilia mwisho wa chuma kikiwa kirefu. Katikati hutembea kigari, kimebeba slaidi na kisu cha kukatia. Mbele ya kitanda kuna skrubu ndefu inayokivuta kigari wakati wa kukata hesi za bolti. Mengine ni gia, mikanda na mota.

KULEGEA SI KULIKA

Kilicholegea hukazwa kwa spana, kwa saa moja, bila gharama. Kilicholika kimepunguka, chuma chenyewe kimekwenda na hakirudi kwa kukazwa. Shida ni kwamba dalili zao hufanana. Mashine inatetemeka, kisu kinaruka, kazi inatoka na mawimbi. Muuzaji mjanja atasema imelegea tu. Mnunuzi mwoga ataona kila kitu kimelika na kuacha mashine nzuri. Lazima mpime.

Anzeni na kitanda, kwa sababu ndicho kitu kimoja ambacho fundi wa kijijini hawezi kukirudisha. Kukichonga upya kunahitaji mashine kubwa ya kusaga au fundi wa kukwangua kwa mkono, na gharama yake inaweza kupita bei ya mashine. Sasa, kitanda hakiliki sawasawa. Kazi nyingi ni fupi na hufanyika karibu na chaku, kwa hiyo reli hulika pale, na kule mkiani hubaki kama zilivyotoka kiwandani. Pitisheni ukucha kukata reli, karibu na chaku, pale ambapo sehemu inayotembelewa na kigari inakutana na sehemu isiyoguswa. Mkihisi kingo ndogo kama ngazi, hapo pamelika. Kingo ambayo ukucha unaihisi kidogo tu inavumilika. Ile inayouzuia ukucha kabisa ni ya kuogopa.

Halafu fanyeni jaribio la kigari. Kipelekeni karibu na chaku, kazeni skrubu zake za pembeni mpaka kitembee kwa uzito kidogo bila kucheza. Sasa kisukumeni polepole kuelekea mkiani. Kikienda sawa mpaka mwisho, shukuruni. Kikianza kuwa kizito na mwishowe kukwama, jueni kitanda kimelika pale mlipoanzia, kwa sababu mmekikaza kulingana na chuma chembamba, na sasa kimefika kwenye chuma kinene. Hakuna spana itakayotibu hiyo. Mashine kama hiyo bado inaweza kutengeneza bushi na puli, maana hizo ni kazi fupi. Lakini mkiinunua kwa ajili ya shafti ndefu za posho, mmenunua majuto.

Kisha shafti kuu. Wekeni kipande cha mti mgumu cha urefu wa mita moja ndani ya tundu lake, mkiinue kwa mkono mmoja taratibu, huku saa ya kupimia ikiwa imegusa shingo ya chaku. Sindano ikisogea milimita 0.02 au 0.03, ni nzuri. Ikisogea 0.1, ambayo ni karibu unene wa karatasi ya daftari, beringi zimelegea au zimelika. Mwombeni muuzaji ruhusa ya kukaza kidogo nati ya nyuma ya shafti, au kama ni bushi za shaba zenye vibati vya kurekebishia, kuondoa kibati kimoja. Mchezo ukitoweka na shafti bado inazunguka kwa mkono bila kukwaruza, ilikuwa imelegea tu. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mmeshapata jibu lenu.

Mengine yapitieni haraka. Fungueni kifuniko cha gia na kuhesabu meno yaliyovunjika. Ulizeni zile gia za kubadilisha za kukatia hesi ziko wapi. Mara nyingi zimepotea, na kuzitafuta moja moja ni kazi ya miaka. Tazameni kama kitanda au kichwa kina ufa au alama ya kulehemu, na mkiuona, rudini nyumbani. Shikeni mpini wa slaidi na kuuzungusha huku na huku. Ukizunguka robo mzunguko kabla slaidi haijasogea, msishtuke sana. Nati yake ya shaba imelika, ndiyo, lakini fundi anayejua huikaribia kazi kutoka upande mmoja tu siku zote, na mchezo huo haumsumbui. Tena nati hiyo ni kitu ambacho mashine yenyewe inaweza kujitengenezea, mradi mfanye hivyo kabla haijaisha kabisa.

Nyingi za mashine kuukuu ni za Uingereza, na mtaona majina kama Colchester, Harrison, Boxford au Myford. Nyingine ni za India, kutoka miji kama Rajkot na Batala. Jina zuri ni jema, lakini Colchester iliyolika ni mbaya kuliko ya India ambayo haikutumika sana. Mashine ya shule ya ufundi mara nyingi ina kitanda kizuri na vipini vilivyovunjika, kwa kuwa wanafunzi hucheza zaidi kuliko wanavyokata chuma. Ile iliyotoka karakana ya zamu mbili kwa siku huwa kinyume chake.

Na risiti! Mwaka 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya wizi wa vyuma vya umeme na reli. Mashine bila karatasi inaweza kuwaletea polisi nyumbani. Kama imenunuliwa kwenye mnada, ombeni karatasi ya mnada wenyewe.

UMEME WA NYUMBANI

Hili ndilo linalosahaulika zaidi. Mashine nyingi za karakana zina mota ya fezi tatu, volti 415. Umeme uliofika kwenye boma zetu ni wa fezi moja, volti 240. Kikundi hubeba mashine mpaka nyumbani, kikaiweka, kisha fundi wa umeme anakuja kutikisa kichwa.

Njia ziko kadhaa. Mnaweza kuomba kampuni ya umeme iwaletee fezi tatu, na kama laini hiyo haipiti karibu nanyi mtaambiwa bei ya nguzo. Mnaweza kuondoa mota na kuweka ya fezi moja ya nguvu ya farasi 1.5 au 2, yaani kilowati 1.1 hadi 1.5. Hii inatosha kwa kazi za kijiji, mkikubali kukata polepole. Njia ya tatu ni kifaa cha kielektroniki kinachochukua fezi moja na kutoa tatu. Wengi hukiita inveta, lakini si ile ya sola. Angalieni hapa: kifaa cha kawaida cha aina hiyo hutoa volti 240, hakipandishi mpaka 415. Kwa hiyo someni kibati cha mota. Kikiandikwa 240/415 au 220/380, mota inaweza kuunganishwa kwa pembetatu ikafanya kazi. Kikiandikwa 415 peke yake, ulizeni fundi kwanza.

Mashine ya kutoka Marekani ina tatizo jingine. Kule umeme hupiga mara 60 kwa sekunde na hapa ni mara 50, kwa hiyo mota itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, mbali na habari ya volti.

Na wale wasio na umeme? Mashine haijui ni nani anayeizungusha. Zamani, kabla ya mota, karakana nzima iliendeshwa kwa shafti moja juu ya dari na mikanda. Injini ya dizeli ya mashine ya posho inaweza kuizungusha kwa mkanda, mradi mpige hesabu ya puli. Mwendo wa injini mara kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya mashine. Kwa mfano mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya milimita 75, ikivuta puli ya milimita 150, itatoa mizunguko 720 kwa dakika.

Waya za mashine zifungwe na fundi mwenye leseni, pamoja na waya wa kupeleka umeme ardhini na swichi kubwa ambayo mkono unaifikia bila kuvuka chaku. Radi za kwetu mnazijua. Mawingu yakikusanyika alasiri, zimeni na mkate umeme kabisa.

KUIBEBA NA KUIWEKA

Mashine ya ukubwa wa kati ina uzito wa nusu tani au zaidi, na uzito uko juu, kwa hiyo huanguka kwa urahisi. Kabla ya kuibeba sukumeni kigari na mkia mpaka mwisho wa kulia ili uzito ulingane na ule wa kichwa. Kamba zipite chini ya kitanda. Zisipite kamwe kwenye skrubu ndefu wala kwenye shafti kuu. Chini itembezwe juu ya mabomba, kidogo kidogo, na mtu mmoja tu atoe amri. Wengine wanyamaze.

Sakafu iwe ya zege. Udongo wetu mwekundu hutitia wakati wa mvua, na mashine iliyokaa juu yake hujipinda. Chuma kinene namna hiyo kinajipinda? Ndiyo, kinajipinda, kwa kipimo ambacho jicho halioni lakini kazi inaonyesha. Tutarudi kwa jambo hili.

KUSAFISHA BILA KUHARIBU

Mashine nyingi hazikuuawa na kazi, ziliuawa na usafi mbaya. Mtu anaona kutu kwenye reli, anachukua grenda au msasa mkali, na baada ya dakika kumi reli inang'aa kama kioo na haina maana tena. Chembe za msasa hujichimbia ndani ya chuma cha kusubu na kuendelea kukila kila kigari kinapopita.

Tumieni mafuta ya taa na brashi. Petroli hapana, kwa ajili ya moto. Kutu ya reli ilowekwe kwa mafuta ya taa au dizeli usiku mzima, kisha ikwanguliwe kwa kipande cha shaba au mti mgumu, na mwisho isuguliwe kwa sufi laini ya chuma iliyolowa oili. Msipulize kwa pampu ya upepo, maana upepo huingiza chembe mahali ambapo hazingefika zenyewe.

Kwa vipande vidogo vilivyoshikwa na kutu kabisa, kama vile nati, vipini na gia za chuma, wafugaji mna dawa nyumbani: molasi. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa za maji, kwenye ndoo ya plastiki, kwa wiki moja au mbili. Harufu yake ni mbaya, wekeni mbali na jikoni. Vitoeni kila baada ya siku chache mvitazame, na vikishatoka safi, osheni, kausheni na kupaka oili saa hiyo hiyo. Msitie humo kitu cha alumini, maana kitaliwa.

KUKAZA

Kati ya slaidi na njia yake kuna kabari ndefu nyembamba, na skrubu za kuisukuma. Zikazeni moja moja kutoka katikati, mkijaribu mpini kila mara, mpaka slaidi itembee kwa uzito ulio sawa njia nzima. Kazi hii ya nusu saa huondoa nusu ya mtetemo wa mashine nyingi.

Beringi za shafti kuu zinataka subira. Kazeni kidogo, washeni mashine kwa mwendo wa kati kwa nusu saa, kisha wekeni kiganja juu ya kichwa. Joto la kawaida halina neno. Ikiwa kiganja hakiwezi kukaa, mmekaza kupita kiasi, legezeni.

Na kabla ya kulaumu mashine, tazameni kisu. Kisu butu, au kisu kisicho sawa na katikati ya kazi, huitetemesha hata mashine mpya. Baneni rula nyembamba ya chuma kati ya ncha ya kisu na chuma cha mviringo. Ikisimama wima, kisu kiko sawa. Kichwa cha rula kikiinama kuelekea kwenu, kisu kiko chini; kikiinama kwenda mbali, kisu kiko juu. Mwendo nao ni muhimu. Kwa kisu cha kawaida na chuma laini, gawanyeni 8,000 kwa kipenyo cha kazi kwa milimita. Chuma cha milimita 40 kizunguke mara 200 kwa dakika, si 600 kama tunavyoona vijana wakifanya ili moshi utoke.

JARIBIO LA VIPANDE VIWILI

Sasa tunarudi kwa kujipinda. Pimamaji ya mwashi haina ukali wa kutosha kunyoosha mashine hii, na pimamaji ya mafundi wa mashine ni ghali. Lakini mashine inaweza kujisema yenyewe.

Baneni chuma cha kipenyo cha milimita 35 au 40 ndani ya chaku, kitokeze milimita 150, bila kukishikilia na mkia. Punguzeni sehemu ya katikati ili zibaki pete mbili, moja karibu na chaku na nyingine mwishoni. Noeni kisu vizuri. Kisha kateni pete zote mbili kwa mara moja, kwa kina kidogo sana, bila kugusa mpini wa slaidi kati ya pete ya kwanza na ya pili. Pimeni kwa maikromita. Zikiwa sawa, au zikitofautiana kwa milimita 0.02 hivi, mashine yenu ni nzuri kwa kazi yoyote ya kijiji.

Pete ya mwisho ikiwa nene zaidi, kisu kinakwenda mbali na kazi kinapoelekea mkiani. Inueni kidogo mguu wa mbele ulio upande wa mkia, kwa kutia kibati chembamba chini yake, kazeni bolti, mkate tena. Pete ya mwisho ikiwa nyembamba zaidi, fanyeni kinyume: inueni mguu wa nyuma wa upande huo huo. Nendeni kwa kibati kimoja kimoja. Siku nzima inaweza kuisha hapo, na ni siku iliyotumika vizuri. Rudieni jaribio baada ya miezi mitatu, na tena baada ya masika ya kwanza, kwa kuwa sakafu mpya hutulia.

Mkirekebisha miguu na tofauti isipungue hata kidogo, hapo ndipo mjue mnashughulika na kilicholika, ama kitanda ama kichwa, na kumbukeni yale majaribio ya mwanzo.

MVUA, OILI NA MBOLEA

Nchi ya chai hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na usiku ni baridi. Mabati hutoa jasho alfajiri na matone huanguka juu ya reli. Wekeni dari, hata ya magunia. Funikeni mashine kwa kitambaa kizito kilichoguswa na oili, si kwa nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani.

Na tafadhali, msiweke mbolea katika chumba kimoja na mashine. Mbolea ya chai ni chumvi, huvuta maji hewani, na vumbi lake likitua juu ya chuma, kutu haingoji wiki. Banda moja la mbolea, mashine na betri za gari ni banda la kuharibu mali.

Oili ya reli iwe safi, ya aina ya haidroli namba 68 ikipatikana. Oili mpya ya injini inavumilika. Ile nyeusi iliyotolewa kwenye gari ni ya kutibu nguzo za ua, si ya mashine, kwa sababu imebeba masizi na chembe za chuma. Grisi msipake kwenye reli kabisa, hukusanya chembe na kugeuka msasa. Asubuhi tieni oili kabla ya kuwasha, jioni fagieni chembe, pangusa, paka tena. Dakika kumi. Mwenye zamu atie sahihi kwenye daftari, na daftari litundikwe kwa kamba pale pale kwenye mashine. Likiwekwa nyumbani kwa katibu halitaandikwa.

MIKONO YENU

Mashine ya kukereza haina huruma na nguo. Mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko au ifungwe. Leso, shali, tai, nywele ndefu na mkufu viwe mbali. Glavu zisivaliwe wakati inazunguka: glavu ikishikwa, mkono hufuata. Ufunguo wa chaku usiachwe ndani ya chaku hata kwa kufumba na kufumbua, kwa kuwa mashine ikiwashwa huruka kama jiwe la kombeo. Nyuzi ndefu za chuma ziondolewe kwa ndoano mashine ikiwa imesimama. Msasa ushikwe ncha mbili, usizungushwe kwenye vidole. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima kwa anayekata na kwa anayetazama.

Katika mashine nyingi za zamani chaku imefungwa kwa hesi. Msiizungushe kinyumenyume kwa kasi, maana inaweza kujifungua na kuanguka ikiwa bado inazunguka.

Watoto wakitoka shule watakuja kutazama, hatuwezi kuwalaumu, inavutia. Jengeni ua wa mbao wa kimo cha kifua na wasimame nyuma yake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Ni kazi gani za chuma zilizotoka kijijini kwetu mwaka uliopita kwenda mjini? Ziandikeni moja moja. Nyingi ni fupi au ndefu? Je, mashine yenye kitanda kilicholika kidogo ingezitosha?

2. Ni mzee gani kati yetu, au katika kijiji jirani, aliyefanya kazi karakana ya kiwanda? Nani atakwenda kuzungumza naye, na lini?

3. Umeme wa mahali tunapotaka kuweka mashine ni wa fezi ngapi? Nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?

4. Mashine ikifika, nani ataruhusiwa kuiwasha, na nani atashika ufunguo wa swichi siku ambayo mwenye zamu hayupo?